Wakuu, kuziba madirisha ya gereji ya nyumbani kunafukuza wezi au ndiyo kunawaita?

#1 Mzee_wa_Goba
Habari za jioni wakuu. Nina gereji ndogo imeungana na nyumba, huku Goba, Dar es Salaam. Ina madirisha mawili ya alminiamu ya kuslaidi. Moja linatazama uani, halina shida. La pili linatazama kichochoro ambacho watu wanapita tangu alfajiri kuwahi daladala. Ndani nalaza gari, na ukutani kuna mashine ya kuchomelea, kompresa, jenereta na vikorokoro vyangu vya kazi za Jumamosi.

Juzi asubuhi kwenye vumbi la kioo, upande wa nje, nimekuta alama ya paji la uso, chini yake pua, na pembeni viganja viwili vilivyokinga mwanga. Mtu alitulia pale akachungulia kwa nafasi yake.

Mama watoto anataka pazia. Fundi wangu anataka tinti. Jirani yangu, mstaafu, anasema nikiziba nimetangaza kuwa nina mali: yeye gereji yake iko wazi miaka yote, kila mpita njia anaona magunia ya mkaa na baiskeli mbovu, na haijawahi kuguswa. Wenye uzoefu mnasemaje? Na kama ni kuziba, nizibe na nini?

#2 Napita_Tu
Weka picha mkuu.

#3 Mzee_wa_Goba
Niwapigie picha dirisha langu na wezi wamo humu wanasoma?

#4 Kijana_wa_Mbagala
😂😂 Napita_Tu umepatikana leo.

#5 FundiVioo_Tegeta
Mkuu, vioo na alminiamu ndiyo ugali wangu. Kuna stika ya frosti, ile nyeupe ya ukungu ya maofisini: mwanga unaingia, mtu wa nje anaona vivuli tu. Kuna tinti ya kujitazamia, wa nje anaona sura yake mwenyewe, wewe wa ndani unamwona vizuri. Kuna tinti nyeusi ya kawaida. Halafu kuna filamu ya usalama, nene. Hiyo haizuii kioo kupasuka, inashikilia vipande visidondoke, kwa hiyo mwizi analazimika kugonga na kugonga mpaka mtaa uamke. Tinti ya kawaida ina unene wa kama mikroni 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ya usalama mara nyingi inaanzia mikroni 100 kwenda juu, hadi 200. Usiuziwe ya kwanza kwa jina la ya pili, huo mchezo upo sana.

Kwa gereji ya kichochoroni mimi nashauri ya kujitazamia. Maliza hapo.

#6 Mwl_wa_Fizikia
Fundi hapo juu kaongea vizuri isipokuwa hiyo ya kujitazamia. Hakuna tinti inayojua upande gani ni ndani na upande gani ni nje. Ile inaakisi pande zote mbili. Kinachoamua ni mwanga: palipo na mwanga mwingi ndipo wanapojiona wenyewe, palipo na giza ndipo wanapoona ng'ambo. Mchana nje kuna jua, kwa hiyo wa nje haoni kitu. Usiku ukiwasha balbu gerejini mambo yanageuka, wewe ndiye unajitazama na yeye aliye gizani anakuhesabia spana moja moja.

Asiyeamini awashe taa leo saa mbili usiku, atoke nje, achungulie nyumba yoyote yenye vioo hivyo. Ya kwake lakini, asichungulie ya jirani.

#7 FundiVioo_Tegeta
Mwalimu, nani anawasha taa ya gereji usiku wa manane?

#8 Mwl_wa_Fizikia
Mwenye gari anayerudi saa tano. Mwenye kuwasha jenereta umeme ukikatika. Na wale wanaoacha balbu inawaka mpaka asubuhi wakiamini ni ulinzi. Nimeshakutajia nusu ya wateja wako.

#9 BintiPangani
Mwalimu yuko sahihi, mimi ni shahidi. Gereji yetu nimeifanya chumba cha kushonea, gari la mume linalala nje na keshazoea. Aliyejenga alituwekea tinti hiyo ya kujitazamia, mchana raha tupu. Kazi za harusi nashona usiku. Siku moja naenda kununua chipsi ng'ambo ya barabara, muuzaji ananiambia, "Dada, lile gauni jekundu la jana umelimaliza? Mkono wa kushoto ulikuwa unakusumbua."

Jamani. Alikuwa ananitazama miezi yote kama taarifa ya habari.

Sasa nina stika ya frosti kuanzia chini mpaka juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, na kipande cha juu nimekiacha kioo kitupu. Mwanga napata, anga naona, na gauni la bi harusi haliangaliwi na muuza chipsi.

#10 Kijana_wa_Mbagala
Na gauni ulimaliza dada?

#11 BintiPangani
Nilimaliza, na chipsi nanunua kwingine.

#12 Askari_Mstaafu
Nimefanya kazi ya ulinzi maisha yangu yote, na naona mnazungumzia kioo wakati tatizo lina miguu. Wizi wa gerejini, kwa niliyoyaona, mara nyingi una mtu aliyeingia ndani kihalali kabla. Kibarua aliyekuja kumwaga zege. Kijana aliyekuja kuosha gari. Dalali aliyeleta mpangaji kutazama. Huyo hahitaji kuweka pua kwenye kioo, anajua jenereta lipo upande gani na komeo la mlango wa nyuma halishiki. Ziba madirisha kumi, kama unamwita kila mtu gerejini kumwonyesha kompresa yako mpya umefanya kazi bure.

#13 Mzee_wa_Goba
Shikamoo mzee. Nakuelewa, ila sasa yule wa kwenye kioo alikuwa anatafuta nini?

#14 Askari_Mstaafu
Marahaba. Mpita njia mwenye kimbelembele. Au kijana aliyekuwa anajitengeneza nywele. Vumbi halisemi nia.

#15 Nondo_Kwanza
Mzee heshima yako, lakini napinga. Kuna wezi wa aina mbili. Wa kupanga, huyo ndiye wako. Na wa kuopoa, huyo anatembea na mti mrefu wenye ndoano mbele, anakata wavu wa mbu kwa wembe, anavua anachokiona: suruali, simu, begi, funguo za gari juu ya meza. Huyu asichokiona hawezi kukivua. Mtaani kwetu Tabata amepita sana, na wote walioibiwa dirisha lilikuwa wazi na kitu kinaonekana.

Kwa hiyo kuziba kunasaidia kwa huyo. Kwa yule wa kupanga, angalia nondo zako. Wengi siku hizi wanaweka grili za bomba za skwea kwa sababu ni nyepesi na zinapendeza. Bomba iko tupu ndani. Jeki ya gari ikiwekwa katikati ya bomba mbili inazitanua polepole, hakuna hata kelele. Weka nondo nzima ya mm 12 au zaidi, nafasi kati ya moja na nyingine isizidi upana wa ngumi, na miguu ya grili iingie ndani ya ukuta ishikwe na zege. Hizo za kufungwa kwa skrubu juu ya plasta ni mapambo.

#16 Fundi_Chuma_Buguruni
Nakazia. Na kitu kimoja, dirisha la kuslaidi linaweza kunyanyuliwa likatoka kwenye reli yake likiwa limefungwa vilevile. Sukuma la kwako juu uone linavyocheza. Kama linapanda mpaka chini panatoka, weka kipande cha alminiamu kwenye reli ya juu kuziba ile nafasi. Na fimbo ya mbao kwenye reli ya chini ili lisisogee. Fimbo ya fagio inatosha. Watu wanalipia filamu ya usalama wakati dirisha zima linabebeka.

#17 Mzee_wa_Goba
Nimetoka kulijaribu sasa hivi. Linapanda. Aisee.

#18 Msee_wa_Ruiru
Habari zenu majirani wa kusini. Mimi niko Ruiru, Kenya, na naungana na yule mstaafu wa magunia ya mkaa. Nilifunika dirisha la gereji na plaiwudi kutoka ndani, nikapiga misumari, nikalala nikijua niko sawa. Waliingia kupitia mlango mdogo wa nyuma. Sasa sikia: waliwasha taa! Walifungua betri, tairi, redio, wakabeba na tulbox, bila haraka. Mlinzi wa ploti alipita nje mara kadhaa na hakuona hata mwangaza, plaiwudi ilikuwa imeziba vizuri sana. Kesho yake ananiambia, boss, kwako kulikuwa kumetulia.

Kioo kilichozibwa kabisa kinamficha mwenye nyumba, na kinamficha mwizi akishaingia. Hiyo ndiyo shida mnayoisahau.

#19 Nondo_Kwanza
Hapo shida ni mlango mdogo wa nyuma, dirisha limesingiziwa.

#20 Msee_wa_Ruiru
Mlango ndio ulifunguka, lakini kilichowapa usiku mzima ni dirisha. Dirisha likiwa wazi mlinzi angeona tochi.

#21 Askari_Mstaafu
Mlinzi gani huyo anachungulia madirisha? Wa kwetu anachungulia chupa ya chai.

#22 Babu_Kalenda
Vijana mnatumia hela nyingi. Mimi gereji yangu Morogoro nilibandika magazeti kwa uji wa unga wa ngano. Gharama sifuri.

#23 Kijana_wa_Mbagala
Na matokeo yake babu?

#24 Babu_Kalenda
Mende wanakula uji, jua linakausha karatasi, pembe zinajikunja. Na kuna jambo sikulitegemea. Nilibandika kurasa za michezo zikitazama nje, sasa wapita njia wanasimama kusoma Simba na Yanga ya mwaka juzi na kubishana penati. Zamani walikuwa wanapita tu.

#25 BintiPangani
Babu umefungua maktaba 😂😂

#26 Napita_Tu
Geuza kurasa za matangazo ya tenda zikae nje, hakuna atakayesimama.

#27 Muuguzi_Dodoma
Samahani wakuu, naona stika, plaiwudi na magazeti yanatajwa na hakuna aliyeuliza gereji itapumua wapi. Mleta uzi amesema nyumba imeungana na gereji na ndani kuna jenereta. Moshi wa jenereta na wa gari una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Unaanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, usingizi, unadhani ni uchovu, na aliyelala haamki. Ni hewa ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani.

Jenereta lisiwashwe humo hata kama madirisha yote yako wazi na geti limefunguliwa. Litoke nje, mbali na madirisha ya vyumba. Na gari lisiachwe linanguruma humo kwa kisingizio cha kupasha injini.

Mwenye betri za sola au za inveta gerejini, zile za maji zinatoa haidrojeni wakati wa kuchaji na hiyo inaweza kulipuka. Acheni matundu ya juu. Kama kuna dumu la petroli, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, kwa hiyo tundu la chini nalo lina kazi.

#28 Mzee_wa_Goba
Asante sana dada. Jenereta huwa nalisogeza mlangoni nikiwasha. Haitoshi?

#29 Muuguzi_Dodoma
Haitoshi kaka. Mlangoni upepo unaurudisha moshi ndani. Livute uani, mita kadhaa kutoka kwenye ukuta wa nyumba, na bomba la moshi litazame mbali na nyumba.

#30 Mjenzi_wa_Kibaha
Hoja ya muuguzi ndiyo inanifanya niseme: kwa dirisha la kichochoroni, toa kioo kabisa, jenga tofali za matundu. Zile zilizopangwa pembe, mtu akichungulia anaona ukuta wa tundu tu lakini upepo unapita. Hazina cha kupasua, hazina wavu wa kukata, na hazihitaji tinti wala pazia. Ukitaka mwanga changanya na bloku za kioo safu mbili juu.

#31 FundiVioo_Tegeta
Bloku za kioo hazifunguki, hazipitishi hewa, na zikipangwa bila nondo nyembamba kati ya safu ukuta ukitikisika zinapasuka.

#32 Mjenzi_wa_Kibaha
Ndiyo maana nikasema changanya. Soma.

#33 Wa_Mkomani
Salaam kutoka Lamu. Nasoma nacheka, kwani jambo hili wazee wetu walilimaliza. Nyumba za mawe za kale ukuta wa njiani ni mkubwa, madirisha machache na yako juu. Mgeni anaishia dakani, pale mlangoni pana viti vya mawe, akitaka zaidi atabisha hodi. Mwanga na hewa vyaingia kwa kiwanda, yaani uwa wa katikati ya nyumba. Apitaye njiani haoni mtu wala sahani. Unesco waliutia mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia 2001, nanyi mwabandika magazeti.

Mleta uzi, inua dirisha lako. Ziba sehemu ya chini kwa tofali, ubakishe ukanda mwembamba juu ya kimo cha mtu. Kioo kiwe kitupu, hapana wa kuchungulia ila ambebe mwenzake.

#34 Kijana_wa_Mbagala
Lamu gereji ya nini lakini, mnaegesha punda?

#35 Wa_Mkomani
Punda haibiwi saiti mira.

#36 Nondo_Kwanza
😂😂😂 uzi ufungwe.

#37 Mama_Noah
Usifungwe, umenikumbusha maumivu. Mimi gereji sina, gari linalala uwani. Saiti mira ziliondoka zote mbili na swichi za vioo. Nilipokwenda kutafuta za kununua nikaletewa zinazofanana nazo mno. Tangu hapo nimechora namba za gari kwenye kila kioo, kila taa, hadi ndani ya mlango. Hivi kuchora kunazuia kweli au tunajifariji?

#38 Askari_Mstaafu
Kunapunguza bei ya kuuzia. Mnunuzi hataki taa yenye namba ya mtu mwingine. Lakini wapo wanaosugua.

#39 Msee_wa_Ruiru
Hata huku kila mtu anachora. Ukipita maegesho utadhani magari yameandikiwa barua.

#40 Mbongo_Minnesota
Huku kwetu Marekani geti la gereji lenyewe ndilo lenye madirisha, safu ya vioo vidogo kwenye paneli ya juu. Karibu kila nyumba mtaani kwangu ina gereji iliyoungana na nyumba, na watu wanaziba vile vioo kwa stika ya frosti. Sababu ni hii: mota ya geti ina kamba nyekundu ya dharura, ukiivuta geti linaachana na mota unalinyanyua kwa mkono. Mwizi anasukuma geti juu kidogo, anapenyeza waya wenye ndoano pale juu, anavuta ile kamba. Akiwa anaona kupitia kioo kamba iko wapi, ni sekunde chache tu. Kioo kikiwa na ukungu anapapasa gizani. Wengine wanaifunga kamba kwa tai ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, isivutike kirahisi.

#41 Dada_Houston
Kaka hiyo tai ya plastiki ina ubishi mkubwa. Ile kamba ipo kwa ajili ya mtu aliyekwama au aliyebanwa. Sheria ya shirikisho inataka mota za geti za majumbani zilizotengenezwa kuanzia 1 Januari 1993 ziwe na kinga ya kumbana mtu, ndiyo yale macho mawili ya mwanga kule chini, kwa sababu watoto walikuwa wanakufa chini ya mageti. Ukifunga ile kamba na moto ukawaka umeme haupo, utatoka vipi? Wanaoifunga wanasema tai nyembamba inakatika ukivuta kwa nguvu kutoka chini. Sawa, lakini mama mkwe wangu ataivuta kwa nguvu gani?

#42 Mbongo_Minnesota
Bora hiyo kuliko kukuta gereji tupu. Na huku baridi ikifika nyuzi ishirini chini ya sifuri hakuna anayeegesha nje.

#43 Mwl_wa_Fizikia
Minnesota, ukibandika tinti nyeusi kwenye vioo pacha vya kuzuia baridi uulize kwanza. Tinti inayofyonza joto inaipasha moto ile kioo katikati wakati pembezoni kunabaki baridi, kioo kinajipasua chenyewe. Hata hapa Dar inaweza kutokea, dirisha nusu likiwa juani nusu kivulini, hasa kile kioo chenye waya ndani.

#44 Kijana_wa_Mbagala
Nyuzi ishirini chini ya sifuri mwizi anatoka nyumbani kufuata nini? Huyo hastahili jela, anastahili blanketi.

#45 Mtaalamu_wa_Kamera
Mkuu wa Goba, mbona hujataja kamera? Weka kamera, acha kioo wazi, aje apige picha za pasipoti.

#46 Mzee_wa_Goba
Ninayo moja, niliiweka ndani ya gereji inatazama kichochoro kupitia kioo. Mchana safi. Usiku ni weupe mtupu.

#47 Mtaalamu_wa_Kamera
Ndiyo maana hukumwona. Kamera usiku inatoa mwanga wake usioonekana kwa macho, unagonga kioo na kurudi, inajimulika yenyewe. Ukiongeza tinti ndiyo itapofuka zaidi. Ihamishie nje, juu, chini ya ukingo wa paa, pasipofikika kwa mkono. Au zima taa zake za usiku, uweke taa ya kihisio nje kichochoroni.

#48 Jirani_Mwema
Taa ya kihisio ndiyo jibu, nashangaa imechelewa kutajwa. Inawaka mtu akipita, mchunguliaji anashtuka.

#49 BintiPangani
Kichochoro wanapita watu tangu alfajiri, itawaka na kuzima kama disko. Majirani wataandamana.

#50 Jirani_Mwema
Inarekebishwa imulike dirishani tu, siyo njia nzima. Ila turudi kwenye swali la mleta uzi, maana wote mnatoa vifaa. Mimi naamini jirani yake mstaafu. Kwetu Mbezi ilianza nyumba moja kuweka tinti nzito, geti refu, nyaya za umeme. Ndiyo iliyovunjwa. Zilizoachwa wazi, zenye ndoo na mkokoteni, hazikuguswa. Mwizi anahesabu.

#51 Nondo_Kwanza
Ilivunjwa kwa sababu mwenye nyumba ana hela na mtaa mzima unajua. Ungemtoa tinti wangevunja vilevile. Na zenye ndoo hazikuguswa kwa kuwa zina ndoo.

#52 Askari_Mstaafu
Na mimi nawauliza: ile nyumba ilijengwa na mafundi wangapi? Wote wanajua kila komeo.

#53 Msee_wa_Ruiru
Mzee wewe kila kitu ni fundi. 😂

#54 Fundi_Chuma_Buguruni
Tumezoea kusingiziwa.

#55 Shemeji_wa_Watu
Mimi nimefanya kati kwa kati. Kioo cha gereji nimekipaka rangi ya mafuta nyeupe upande wa ndani, kwa sponji, siyo brashi, ikatoka madoadoa kama frosti. Mwanga unapita, sura haionekani, na ukichoka unakwangua kwa wembe. Nyuma ya kioo nimepanga rafu yenye makopo matupu ya rangi. Mwenye macho makali akiona chochote ataona makopo.

#56 Mwl_wa_Fizikia
Hiyo ya makopo naipenda. Inamridhisha hata yule mstaafu wa mkaa: haijazibwa, na hakuna mali inayoonekana.

#57 Jirani_Mwema
Ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo.

#58 Nondo_Kwanza
Hukusema makopo.

#59 Mzee_wa_Goba
Wakuu nashukuru. Mpaka sasa nimechukua haya: kipande cha reli ya juu nakiweka kesho, jenereta linahamia uani, kamera inatoka nje. Dirisha lenyewe bado. Nimemwonyesha mama watoto uzi huu, amesoma mpaka ya dada wa gauni jekundu, akafunga simu, anataka frosti na pazia juu ya frosti. Jirani mstaafu nimemsomea ya Ruiru, amesema, "Umeona!" Kila mtu kapata ushahidi wake. Fundi Tegeta, stika ya frosti mita inakwendaje?

#60 FundiVioo_Tegeta
Inategemea upana wa rola na wapi unanunua. Njoo inbox. Ila kama kioo chako ni cha maua, kile chenye mikwaruzo ya urembo, stika haishiki upande wa maua, inabandikwa upande laini tu.

#61 Napita_Tu
Biashara inbox, ushauri hadharani. Sawa fundi.

#62 Wa_Madale
Nimechelewa, nimesoma yote. Mimi nimejibandikia mwenyewe frosti wikendi hii kwenye gereji, imejaa mapovu na sehemu nyingine kama ukungu wa maziwa. Nibandue nianze upya? Na je, naweza kusafisha kwa dawa ya vioo?

#63 FundiVioo_Tegeta
Usibandue kwanza. Bonyeza povu kwa kidole. Likisogea ni maji, liache, yatakauka yenyewe, huo ukungu wa maziwa nao ni maji na unaweza kuchukua wiki kadhaa. Lisiposogea ni hewa: toboa pembeni kwa sindano, sukuma kwa kadi ya simu iliyovikwa kitambaa. Likiwa na punje ngumu katikati ni vumbi, hilo halitoki, utaishi nalo. Dawa ya vioo yenye amonia usiiguse, inaharibu tinti na gundi. Maji na sabuni kidogo, na siyo mwezi huu. Ulipobandika uliacha nafasi ya mm 2 pembeni au uliingiza stika mpaka chini ya mpira?

#64 Wa_Madale
Mpaka chini ya mpira.

#65 FundiVioo_Tegeta
Basi pembe zitaanza kujikunja. Chukua wembe mpya, kata ukifuata mpira, leo kabla haijakauka.